Kiwanda cha mafuta kianze na ghala

Ndugu Mhariri,

Mimi ni fundi wa mashine za kukamua alizeti hapa Mwanza. Kila nikisikia watu wanapanga kiwanda cha mafuta, mazungumzo huanzia kwenye mashine: imetoka nchi gani, bei gani, inakamua tani ngapi. Naomba nafasi niwasihi waanzie kwenye mbegu.

Chukua kiwanda kidogo cha tani 10 kwa siku. Kikifanya kazi siku 300 kwa mwaka kinataka tani 3,000. Mkulima akivuna kilo 400 za alizeti kwa ekari, hizo ni ekari 7,500, na mavuno yote yanakuja ndani ya miezi michache. Baada ya hapo mashine inasimama, mkopo wa benki hausimami.

Na ghala si bati na kuta tu. Alizeti ikiingia na unyevu mwingi hujipasha joto yenyewe. Nimeshaingiza mkono katikati ya gunia nikakuta moto kama uji, mbegu zimegandamana na zinanuka uvundo. Mafuta yake hutoka meusi, machungu, na kuyasafisha ni gharama tupu. Kipima unyevu kiwepo mlangoni, na mzigo uliozidi asilimia 9 urudi juani kwanza.

Alizeti ikiisha, mbegu za pamba kutoka Kwimba, Magu na kwa majirani zetu wa Simiyu zinaweza kuziba pengo. Lakini mafuta ya pamba yana gosipoli, sumu ya asili ya mmea huo, kwa hiyo hayaliwi mpaka yasafishwe kwa kostiki soda. Mtambo wa kusafishia uingie kwenye hesabu tangu siku ya kwanza, pamoja na mabwawa ya kutibu maji machafu. Tafadhali sana, maji yale ya sabuni na mafuta yasifike ziwani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, ziheshimiwe.

Mashudu nayo yasiandikwe mwisho wa karatasi. Katika kilo 100 za alizeti, mashine zetu hutoa mafuta kilo 25 hadi 30. Sehemu kubwa ya zinazobaki ni mashudu. Wafugaji wa ng'ombe, kuku na samaki wa vizimba wanayahitaji. Ya pamba wapewe ng'ombe wakubwa, si kuku wala samaki, kwa sababu ya gosipoli ileile.

Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, mzigo wa Sengerema hausubiri tena kivuko. Wenye mitaji wakae na AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, wakubaliane bei kabla ya kupanda, wajenge ghala na wanunue msimu mmoja mzima. Ghala likijaa, waagize mashine. Mafundi wa kuifunga tupo.

Fundi wa mashine za kukamua,
Nyamagana, Mwanza