Nguzo za msingi zipewe muda

Ndugu yangu Hamadi,

Salaam, na pole na kazi. Barua yako nimeipata. Nimeelewa kwamba nguzo za zege mlizogonga kwenye ule udongo wa mfinyanzi zimefika kina cha kwenye michoro huku zikiendelea kuzama kirahisi, na mkandarasi anataka kuziunga vipande zishuke zaidi. Nakusihi usitie saini kwanza.

Nguzo inapogongwa katika mfinyanzi uliojaa maji, huusukuma udongo pembeni na kuuvuruga, na kwa kuwa maji yaliyomo baina ya chembe hayana pa kutokea upesi, shinikizo lake hupanda na kubeba mzigo ambao chembe zenyewe zingeubeba, hata ubavu wa nguzo ukakosa msuguano wa maana kwa wakati huo. Siku zinavyopita, maji hujipenyeza mbali, udongo hujibana upya, nayo nguzo hushikwa. Ongezeko kubwa hutokea ubavuni, si kwenye ncha. Nguzo nene huhitaji subira zaidi, maana kipenyo kikizidi mara mbili, muda wa maji kutoka huzidi takriban mara nne.

Mwaka 1988 watafiti Skov na Denver walieleza kwamba nguvu ya nguzo kubeba mzigo hupanda kwa logi (logarithm) ya muda, na kwa mfinyanzi walipendekeza nyongeza ya asilimia 60 ya nguvu ya siku ya kwanza kila muda unapozidi mara kumi. Mimi huuchukua huo kuwa mwongozo tu, kwa kuwa kila udongo una tabia yake. Hata mchanga, ambao maji yake hutoka haraka, huimarika: huko Dunkirk, Ufaransa, uwezo wa ubavu wa nguzo za mabomba ya chuma uliongezeka kwa takriban asilimia 85 kati ya miezi 6 na miaka 5 baada ya kugongwa.

Basi chagua nguzo chache, ziache wiki mbili, kisha zigongwe tena. Nyundo ya dizeli ipashwe moto kwenye nguzo nyingine, nawe upime kuzama kwa mapigo machache ya mwanzo, kwani kila pigo linalofuata huuvuruga udongo upya. Angalia pia ncha zilipotua: katika mchanga mwembamba uliobanana na kujaa maji, nguvu ya ncha inayoonekana siku ya kugonga huweza kupungua baadaye, na hapo kipimo cha pili ndicho kitakachokulinda.

Niandikie ukishapata vipimo, tuvitazame pamoja.

Wako,
Salim