Timu ya mawasiliano, tujipange
Bwana asifiwe wapendwa. Jamani haya matangazo ya kukimbizana Jumamosi usiku tuyaache, tunachoka na waumini wanapata habari nusunusu. Kuanzia wiki hii kila tukio liingie kwanza kwenye Google Calendar yetu, na jina la mhusika, ndo mtengeneza posta (bango la tangazo) aanze. Posta zitengenezwe Canva, ile app ya kubuni matangazo, kwa templeti ileile. Halafu hili wengi hawalijui, brodkasti ya WhatsApp (ujumbe mmoja unaotumwa kwa wengi kwa pamoja) inabeba watu 256 tu kwa listi moja na ambaye hajasevu namba yako haimfikii kabisa, kwa hiyo wale wazee wanaosema hawapati ujumbe ni kweli hawapati, tuwasaidie kusevu baada ya ibada. Picha wekeni Google Drive, huku WhatsApp zinapungua ubora. Nani atashika kalenda?