Pua ya roketi si urembo

Mhariri,

Watoto wetu skuli wanarusha roketi za maji: chupa ya soda, pampu ya baskeli, hayo wanayaweza. Linalowashinda ni pua.

Mimi ni fundi rangi hapa Wete. Mjukuu wangu alinijia na koni ya karatasi imepinda kama pembe ya mbuzi, kaikunja kwa kukisia. Nikampa bikari. Kitako cha kipenyo cha sentimita 9 na ubavu wa sentimita 18 hutaka robo duara kamili, nyuzi 90, pamoja na ukingo mdogo wa gundi.

Mshono tuliujaza puti nyembamba, tukapiga msasa laini. Nikapaka vanishi ndani na nje, maana unyevu wa kwetu huifanya karatasi kama mkate wa jana. Ndani tukabandika udongo kidogo: pua ikiwa nyepesi, roketi hubiruka. Ncha tuliiacha butu. Kwa kasi ile ncha kali haina faida, na inaweza kumtoa mtu jicho.

Sasa nasikia kapunguziwa alama kwa kuwa pua yake haing'ari. Walimu, kwanza irusheni!

Fundi rangi, Wete, Pemba