Asili ya "OK" isipotoshwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nisahihishe dai linalorudiwa mara kwa mara, kwamba "OK" ni kifupisho kilichozaliwa katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, kikitokana na "0 killed", yaani hakuna aliyeuawa. Vita hivyo vilianza mwaka 1861, ilhali "OK" ilikwisha kuchapishwa Machi 23, 1839, katika gazeti la Boston Morning Post, enzi ambapo waandishi wa mji huo walikuwa na mzaha wa kuyaendeleza maneno vibaya kwa makusudi na kisha kuyafupisha. Hivyo "all correct", yaani sawa kabisa, ikawa "oll korrect", na herufi za mwanzo za maneno hayo ndizo tunazozitamka hadi leo.

Vifupisho vingi vya mzaha huo vilikufa. Hiki kilinusuriwa na siasa, kwani mwaka 1840 wafuasi wa Rais Martin Van Buren wa Marekani, mzaliwa wa mji wa Kinderhook, New York, walimpa jina la "Old Kinderhook" na kuzigeuza herufi zilezile kuwa kaulimbiu ya kampeni yake ya uchaguzi. Uchaguzi alishindwa, neno likavuma. Ushahidi wa haya ulikusanywa na mtaalamu wa lugha Allen Walker Read katika miaka ya 1960, na unatosha kabisa kuifuta hadithi ya vita.

Msomaji wako,
Tanga