Barua ya wazi kwa vijana mnaokodi mashamba kando ya mto Sabaki

Wanangu na wajukuu zangu wa Jilore, Kakoneni, Madunguni mpaka ng'ambo ya daraja, salamu. Nilitaka kunyamaza, mzee akisema sana anaambiwa ana gubu, lakini hili limenikaa kooni na bora niliteme.

Kaskazi hii kila jioni nikitoka nje naona moshi. Moshi huku, moshi kule, ukiuliza unaambiwa vijana wanasafisha mashamba, masika yamekaribia. Kusafisha! Mabua ya mahindi yanakusanywa yanapigwa kiberiti, majani ya mkorosho, majani ya mwembe, maganda ya kunde, hata nyasi ambazo hazijamkosea mtu, halafu kijana anasimama pembeni na simu anajipiga picha, shamba liko tayari. Juzi moto wa mmoja wenu umevuka mpaka ukababua mikorosho ya mama mjane, na mikorosho ile imepandwa na marehemu mumewe. Aliyewasha akasema eti ni upepo. Kwani kaskazi imeanza kuvuma mwaka huu?

Sasa hebu niwaeleze, maana naona wengi hamjui mnachochoma. Mahindi yanafyonza ardhi miezi mitatu minne. Punje umekula ama umepeleka soko la mjini, kile kilichobaki kwenye bua ilikuwa ukirudishe pale ulipokitoa. Ukikichoma, nitrojeni karibu yote inaondoka na moshi, salfa nayo inakwenda, na ule uozo ambao ungekuwa mboji haupo tena. Unabaki na jivu. Jivu lina potasiamu na chokaa kidogo, na hapo ndipo mnapodanganyika, msimu wa kwanza mimea inatoka kijani kweli mnaniambia si unaona babu, moto ni mbolea. Ngojeni masika yapige mara mbili tatu, jivu lote liko mtoni, msimu wa pili mnakuja kulia ati ardhi imechoka, imerogwa, jirani ana jicho.

Kuna mmoja wenu nilibishana naye mpaka maneno yakaniisha, nikamwambia lete kidumu cha maji. Tukamwaga kidogo chini ya mkorosho, pale ambapo majani yameozeana na ukifukua kwa kidole unakuta weusi na nyungunyungu. Maji yakazama papo hapo, hata hayakutambaa. Tukasogea hatua chache pale alipochoma, tukamwaga kiasi kilekile. Maji yakakaa juu, yakajikusanya, yakabeba jivu na vumbi yakateremka nalo kuelekea korongoni, na nilipokwaruza pale kwa ukucha, chini kukavu kabisa. Akanyamaza kidogo akasema, "Lakini babu, mabua yanasumbua kulima." Ndiyo yanasumbua, nani alikwambia kilimo ni kulala? Yalaze kwa mistari yakate mteremko, upande katikati yake. Wengine mnaogopa mchwa, lakini mchwa mara nyingi anageukia mahindi mabichi akikosa kikavu cha kula, na wewe ndiye uliyemchomea chakula chake.

Na lile vumbi mnadhani linaishia korongoni? Mto huu unaanza kule juu upande wa Nairobi ukiitwa Athi, unapita Ukambani, ukishakutana na Tsavo unaitwa Galana, ukifika kwetu ndio Sabaki. Mvua zikinyesha bahari ya Malindi inakuwa rangi ya chai ya maziwa na wageni wanakimbilia Watamu. Sisi tumezoea kusema huo ni udongo wa Wakamba, wala si uongo, mwingi unatoka huko juu. Lakini Wakamba angalau wamechimba fanya juu, mtaro unakata kilima na udongo unatupwa upande wa juu, baada ya miaka mteremko unakuwa ngazi ngazi na maji yanatulia, mpaka watu wa nchi nyingine wameuiga mtindo huo. Sisi tuna mitaro mingapi kutoka Kakoneni mpaka darajani? Hifadhi ya bahari ya Malindi imetangazwa mwaka 1968, na yale matumbawe tope likiyafunika yanakosa mwanga, yanakufa, samaki wanakosa pa kuzalia. Halafu ni nyinyi hao hao mnaouliza kwa nini changu amepanda bei. Na asiyeamini kwamba maji yanakula ardhi apande bodaboda mpaka Marafa akasimame ukingoni mwa Nyari, lile korongo kubwa lililochimbwa na mvua.

Mengine nayasema haraka haraka, mushayasikia. Changanyeni mahindi na kunde, pojo ama mbaazi kama walivyofanya bibi zenu, mizizi yake ina vijidudu vinavyokamata nitrojeni ya hewani bila kuuziwa na mtu. Mbolea ya kupandia, DAP, kila msimu, kila msimu, inatia udongo asidi. Ile ya kukuzia, CAN, igaweni mara mbili, mchanga wetu haushiki kitu, mvua moja kubwa inaipeleka chini ya mizizi. Samadi ya mbuzi ioze kwanza. Msilime mpaka ukingoni mwa mto, acheni matete na miti. Chupa za dawa msizioshe mtoni, na msizitie maji ya kunywa, wallahi nimeona mtoto anakunywea.

Lakini nikiwagombeza nyinyi peke yenu nitakuwa nimedhulumu. Kijana anakodi ekari mbili kwa msimu mmoja, analeta jenereta na pampu, analala shambani kufukuza viboko, matikiti yakitoka mazuri mwaka unaofuata kodi imepanda ama shamba kapewa mwingine mwenye mfuko mkubwa. Huyo utamwambia abebe samadi, achimbe mitaro, kwa faida ya nani? Na huyo anayekodisha pengine hata yeye hana hati, mambo ya tangu ile sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, walioandikisha wakapata na wengi wa wazee wetu wakaachwa maskwota kwenye makaburi ya babu zao. Mtu asiyejua kesho ataamkia wapi hapandi mti, na hilo silo kosa la kiberiti.

Serikali nayo. Bwana shamba zamani alikuwa anapita na baiskeli anakujua wewe na shamba lako, siku hizi wakulima ni wengi yeye ni mmoja, mnamuona siku ya semina na chai. Mbolea ya ruzuku mwaka 2024 nchi nzima ikasikia kuna magunia ndani hayana mbolea, mkulima kashapanda, mvua haimngoji. Na tunajua hapa pakitunzwa panatoa, Malindi hii karne ya 19 ilikuwa inapakia mtama na ufuta majahazini kwenda Arabuni, kwa jasho la watumwa, hilo tusilifiche. Leo tunangoja lori la unga kutoka bara.

Kwa hiyo nyinyi wenye mashamba nanyi nawataja humu. Acheni hii tabia ya msimu mmoja mmoja. Mpeni kijana miaka mitatu, mitano, muandikishane, kodi ijulikane tangu mwanzo, mtaona kama hatapeleka samadi mwenyewe bila kusukumwa. Mimi nina ekari mbili huku Madunguni, mwanangu yuko Mombasa hana habari nazo. Natafuta kijana wa kuzilima miaka mitano, tutaandikishana mbele ya mzee wa mtaa na mashahidi wawili, awe wa kike ama wa kiume sijali. Kodi tutaelewana, na akiacha mabua chini nampunguzia. Akiyachoma mkataba umekwisha siku hiyo hiyo na asije na habari za upepo.