Zuwena, pesa usizitoe kwanza

Wete, Pemba
Jumapili, baada ya alasiri

Kwa shoga yangu Zuwena,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Wajionaje na hali, na watoto, na Bi Mkubwa na mguu wake? Sie huku wazima alhamdulillah, mvua tu haitupi nafasi. Jana karafuu tumezianika na kuziingiza ndani mara tatu, majamvi yote yamerowa.

Ijumaa uliponipigia kuniambia wataka kununua hisa, sikukujibu vizuri. Ulikuwa na furaha, nikaona vibaya kuikata. Usiku usingizi haukunijia. Milioni sita, Zuwena, na ndani yake mna ada ya Raya ya chuo! Nimeona bora niandike, maana kwenye simu ungenikatiza.

Hisa sizikatai. Kaka Hamadi alinunua za NMB 2008, shilingi 600 kila moja, watu wakamwambia kapoteza pesa. Leo zinauzwa kwa maelfu. Lakini ile ni benki kubwa, ina matawi nchi nzima. Hiyo aliyokutajia Saidi ni kampuni ndogo, ya lile dirisha la kampuni changa ambalo soko la hisa la Dar lililifungua 2013, Maendeleo Bank ikatangulia kuingia. Pale kampuni haidaiwi rekodi ndefu ya faida, ila iwe na mshauri wa kuiongoza. Ndivyo lilivyokusudiwa, ili wadogo nao wapate mtaji. Na Saidi hakusema uongo kwamba ndogo hukua haraka: mwenye matawi mawili akifungua mengine mawili, biashara yake imekuwa maradufu. Ila huyohuyo, tawi moja likijaa mikopo isiyolipwa, nusu ya nyumba imeanguka.

Sasa nisikilize, maana hili sikupata kukwambia. Zile milioni mbili nilizouza karafuu 2016, nilinunua hisa 2,500 za kampuni ndogo. Miaka miwili ya mwanzo gawio, lile fungu la faida wanalogawiwa wenye hisa, lilikuja, likakatwa kodi ile asilimia 5, nikafurahi. Kisha kimya. Hesabu za mwaka zikawa zinachelewa kutoka. Nikasema nistahamili, hata mkarafuu hungojewa miaka sita, saba, mpaka uzae.

Mama alipougua, madaktari wakataka apelekwe Dar. Nikamwambia dalali wa hisa auze zote. Kila siku nikishasali adhuhuri nafungua simu: zimebaki 2,500. Kesho yake: 2,500. Bei imeandikwa ileile tokea Mfunguo Tatu, nami nikidhani imesimama imara, kumbe haikupanda wala haikushuka kwa kuwa hapana aliyenunua hata moja! Dalali akasema nishushe. Nikashusha, nikashusha tena. Wiki ya tano akatokea mtu akachukua 40. Arubaini, Zuwena, na mama yuko kitandani.

Tukaikodisha mikarafuu ya bondeni. Asubuhi nilimwambia Bi Time, kabla ya magharibi mtu kashakuja na pesa mkononi. Kwa bei ya kuumiza, lakini alikuja. Hilo ndilo ninalolirejea usiku kucha: kampuni yangu haikufa, pengine iko siku itanilipa vizuri, lakini siku niliyokuwa na dhiki haikuwa na mlango wa kutokea. Na ada ya Raya ina tarehe yake.

Kwa hiyo usiangalie bei peke yake. Soko hutoa ripoti kila siku, na mna safu ya idadi ya hisa zilizouzwa. Itazame ya kampuni yako mwezi mzima, uhesabu siku zenye sufuri. Muombe Saidi hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu, si ile karatasi yenye picha za watu wanacheka. Uone faida inatokana na biashara yenyewe au na kiwanja walichouza mara moja. Uone na nani ana hisa nyingi, maana mtu mmoja akishika robo tatu, zinazozunguka sokoni ni kiduchu.

Na kama hisa hizo zina riba ndani yake, mimi si shekhe. Muulize Maalim Omar, umuelezee kampuni inafanya nini hasa na imekopa kwa njia gani.

Ukishaona yote hayo na moyo bado unataka, toa laki tano katika pesa zako za kununulia kitenge, zile ambazo hata zikilala miaka kumi hazitakuliza. Ya Raya niachie mimi nikulilie: usiiguse.

Khamis kapata mtoto wa kiume, umesikia? Boti ya Jumatano atakuja Asha, nimempa karafuu kidogo na mkate wa mofa, mpelekee na Bi Mkubwa.

Nijibu upesi. Pesa bado ziko benki, au ushampa Saidi? Umetia saini popote? Yeye mwenyewe kanunua, na kama kanunua, ngapi? Analipwa chochote akikuleta? Raya anaanza lini chuo, na mumeo anajua?

Wakatabahu,
shoga yako, Mwanaidi