Barua ya wazi kwa vijana wa Unguja na Pemba wanaofanya kazi ya kusoma lugha ya mwili

Wanangu,

Assalaamu alaykum. Nakuandikieni nyote mlioingia katika kazi hii ya kusoma lugha ya mwili: mnaoitwa na mahoteli kuwakagua waombaji wa kazi, mnaokaa nyuma ya mawakili kuwatazama mashahidi, na mnaoletewa video ya mume au mke wa mtu mkaulizwa kama anasema kweli. Mimi nilikuwa karani wa mahakama, Pemba na kisha Unguja, mpaka nikastaafu, na kazi yangu ilikuwa kuyaandika maneno ya watu huku nikiwaona wanavyoyasema. Sina nia ya kukuvunjeni moyo. Kazi yenu ina elimu ndani yake, na kinachonisikitisha ni kuona wengi wenu mmeshika jina la utaalamu na elimu yenyewe mmeiacha njiani.

Elimu hiyo haikuanza jana. Charles Darwin alitoa kitabu kizima mwaka 1872 juu ya namna binadamu na wanyama wanavyodhihirisha hisia zao. Mwaka 1978 Paul Ekman na Wallace Friesen, wa Marekani, walitoa mfumo wa kuandika kila msogeo wa misuli ya uso, na mtu huhitaji makumi ya saa za kujifunza kabla hajaweza kuutumia. Mfumo ule unakuambia ni misuli ipi iliyosogea, basi. Haukuambii kama aliyeisogeza ni mwongo.

Nasikia mnapowafundisha wenzenu mnaanza kwa kusema kwamba asilimia 93 ya mawasiliano ni mwili na sauti, na maneno ni asilimia 7 tu. Hesabu hiyo ilitokana na majaribio ya mwanasaikolojia Albert Mehrabian ya mwaka 1967, ambamo watu walisikilizishwa neno mojamoja na kuonyeshwa picha za nyuso, wakatakiwa kukisia kama msemaji anampenda au anamchukia mwenzake. Mehrabian mwenyewe ameeleza kwamba matokeo yale yanahusu hisia hizo tu. Ingekuwa kweli kama mnavyofundisha, mgeni asiyejua neno la Kiswahili angekaa barazani Darajani jioni moja akaondoka ameelewa karibu yote yaliyozungumzwa.

Jambo zito zaidi ni hili la kutambua uongo, maana ndilo mnalolipwa kwalo. Mwaka 2006 watafiti Charles Bond na Bella DePaulo walikusanya tafiti nyingi zilizofanywa kwa miaka mingi, zikiwa na waamuzi zaidi ya 24,000, na wakakuta kwamba mtu akimtazama mwenzake na kukisia kama anasema kweli au uongo, hupatia mara 54 katika 100. Mwenye kurusha sarafu hupatia 50. Na wale ambao kazi yao ya kila siku ni kuwahoji watu, kwa jumla, hawakuwazidi watu wa kawaida. Huko Marekani serikali iliweka maofisa katika viwanja vya ndege kuwatazama abiria na kuwatambua wenye nia mbaya kwa mienendo yao. Ilipofika mwaka 2013 wakaguzi wa Bunge lao waliripoti kwamba tangu 2007 zilikuwa zimetumika dola milioni 900 hivi, na wakashauri fedha za mpango huo ziwekewe mipaka kwa kuwa ushahidi kwamba unafaa haukuonekana.

Sasa nije kwenye macho, kwa kuwa hapa ndipo mnapowaumiza watu wetu. Watafiti waliwauliza watu wa nchi 58 mwongo hujulikana kwa lipi, na jibu lililoongoza lilikuwa kwamba hakutazami machoni. Imani hiyo imeenea duniani, lakini tafiti zilizopima zimeona kwamba kukwepesha macho hakuna uhusiano wa maana na uongo. Mwaka jana mzee mwenzangu aliniletea ripoti iliyoandikwa na mmoja wenu kwa ajili ya hoteli moja. Mwanawe alikwenda kuomba kazi ya stoo, na aliyemhoji alikuwa mama wa makamo. Kijana akakaa na mikono juu ya mapaja, akainamisha macho, na kila swali akalijibu baada ya kutua kidogo. Ripoti ikasema: anaficha jambo, si mwaminifu. Kijana huyo amelelewa katika chuo cha Kurani, mbele ya mwalimu ambaye ukimkodolea macho anapokusemesha umekosa adabu. Na aliyeandika ripoti ni mtoto wa hapahapa, aliyelelewa vivyo hivyo, ila amejifunza kazi yake katika video za watu wa mbali na akasahau anachokijua kwao.

Nikupeni mfano wa aliyeona vizuri. Katika kesi moja ya mirathi ya mikarafuu, kule Pemba, bibi mmoja mtu mzima alikuwa akieleza mpaka wa shamba. Alipofika kwenye habari ya mteremko wa upande wa mto alianza kujipindapinda kwenye benchi, akaupa mgongo upande wa wadaiwa, mkono ukawa unakamata pindo la kanga na kuliachia. Watu nyuma wakaanza kunong'ona kwamba anatunga. Kadhi akasimamisha maelezo, akamuuliza, "Bibi, una nini?" Akajibu, "Goti, mwanangu." Akaletewa kiti, akanyoosha mguu, akaendelea pale pale alipoachia. Mahakama ilipokwenda shambani, mikarafuu ilikutwa imesimama kama alivyoitaja, mti kwa mti.

Kadhi yule aliona walichokiona wengine wote, ila yeye aliuliza. Mwili unakuonyesha kwamba pana jambo. Jambo gani, haukuambii. Huenda ni uongo, huenda ni maumivu, hofu, haya, njaa ya saumu, au ami yake amekaa nyuma anamsikiliza. Kwa hiyo mzoeeni mtu kwanza katika mazungumzo mepesi, mjue akiwa ametulia anakuwaje, kisha mwangalie anabadilika kwenye swali lipi. Hapo muulize zaidi, kwa upole. Aldert Vrij, aliyeitafiti kazi hii kwa miaka mingi, anashauri mtu aombwe kusimulia kisa kuanzia mwisho kurudi mwanzo, au aulizwe asilolitarajia, kwani mwenye kutunga hulemewa na kazi hiyo, na ishara zitakazofaa zitatoka katika maneno yake. Kisha linganisheni na karatasi na mashahidi wengine. Katika ripoti andikeni mlichokiona: "Alipoulizwa habari za funguo alinyamaza, akasugua shingo." Neno "mwongo" mwachieni hakimu mwenye ushahidi kamili.

Iko kazi nyingi ya halali kwa mwenye jicho kama lenu. Hospitalini kwetu mgonjwa huitikia "sijambo" hata akiwa taabani, kwa kuwa salamu inataka hivyo, na muuguzi anayeuona uso uliokunjamana huwahi kumsaidia. Wasuluhishi wa ndoa wanahitaji mtu wa kuwashtua kwamba mke amenyamaza tangu mumewe aanze kusema.

Lakini video za wake za watu, nakuombeni kwa jina la Mungu, ziacheni. Mwanamke hajui kama amerekodiwa, hana nafasi ya kujibu, na kwa dakika mbili za uso wake mnatoa hukumu inayoweza kumpa talaka. Mliochukua fedha kwa kazi hiyo zirudisheni, na video zifuteni. Na wewe uliyeandika ripoti ya yule kijana, nasikia nafasi ile ya stoo bado haijapata mtu. Nenda hotelini wiki hii ukawaeleze kwamba uliyaona macho yameinama, na zaidi ya hapo hukuona kitu.

Wenu mzazi,
Karani mstaafu, Unguja